Sikukuu za Biblia kwa Mkristo wa leo: kama amri, kwa hiari, au kubaki na kalenda ya kanisa?

Swali hili mara nyingi humjia mtu baada ya kuisoma sura ya 23 ya Mambo ya Walawi taratibu, bila kuruka mistari. Anakutana na orodha ya siku zenye tarehe: Sabato ya kila juma, Pasaka, Mikate Isiyotiwa Chachu, mganda wa malimbuko, Sikukuu ya Majuma (ndiyo Pentekoste), Baragumu, Siku ya Upatanisho, Vibanda. Na kabla ya orodha yenyewe anamsikia Mungu akiziita "sikukuu zangu". Hakusema za Wayahudi. Msomaji anaifunga Biblia, anaitazama kalenda ya kanisa lake, anaona Krismasi, Ijumaa Kuu, Pasaka, pengine na Pentekoste, kisha anajiuliza: nyingine zilipotelea wapi, na je, zinanihusu?

Majibu anayopewa ni ya aina tatu. Kuna wanaosema zishikwe, kwa kuwa ni amri ya milele. Kuna wanaosema ziadhimishwe na anayependa, kama ukumbusho na mafundisho, bila kumfunga mtu. Na kuna wanaosema zimekwisha kazi yake, kalenda ya kanisa inatosha. Nitaziita njia ya amri, njia ya hiari na njia ya kanisa. Niseme mapema kwamba nimeegemea ya pili, usije ukafika katikati ukadhani nimekutegea. Ila kuegemea kwangu kuna masharti, na sharti moja litawashangaza wengi: sidhani kwamba Pasaka ndiyo sikukuu ya kuanzia.

Kwanza, neno. Tunaposema "sikukuu" tunawaza karamu, nguo mpya na siku ya kutokwenda kazini. Neno la Kiebrania katika Walawi 23 ni *moed*, wingi wake *moadim*, na maana yake ni wakati uliopangwa, wakati wa kukutana. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana neno letu "miadi", lililotufikia kupitia Kiarabu, lina undugu wa mzizi na neno hilo la Kiebrania. Kwa hiyo ukisoma "miadi ya Bwana" hujapotoka sana. Na miadi huuliza maswali yake: imewekwa na nani, kwa ajili ya nani, wapi, saa ngapi? Kwa maswali hayo njia zote tatu zinapimika.

Maandiko kila njia inayoegemea

Njia ya amri ina hoja ambayo haifai kudharauliwa. Walawi 23 inarudia kwamba hii ni amri ya milele katika vizazi vyote. Yesu alizishika: alipanda Yerusalemu wakati wa Pasaka tangu utoto wake (Luka 2), na katika Yohana 7 alisimama hekaluni siku ya mwisho ya Vibanda akapaza sauti. Paulo alifanya haraka awahi Yerusalemu siku ya Pentekoste (Matendo 20:16), na Luka anapoeleza hatari ya kusafiri baharini anataja kwamba siku za kufunga zilikwisha kupita (Matendo 27:9), akimaanisha Siku ya Upatanisho, kana kwamba wasomaji wake wanaijua kalenda hiyo vilivyo. Na Zekaria 14 inaona mbele mataifa yote yakipanda mwaka kwa mwaka kuishika Sikukuu ya Vibanda. Kama zilikuwepo kabla ya msalaba, zikaendelea baada ya msalaba, na zitakuwepo katika ufalme ujao, wanauliza, kwa nini ziwe zimesimamishwa sasa hivi tu?

Njia ya kanisa hujibu kwa Wakolosai 2:16-17: mtu asiwahukumu "kwa sababu ya sikukuu au mwandamo wa mwezi, au sabato, mambo hayo ni kivuli cha mambo yajayo, bali mwili ni wa Kristo." Huongeza Wagalatia 4:10, ambapo Paulo anasikitika, "Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka." Na kuna mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15. Waliamua waongofu wa mataifa wabebeshwe nini, na sikukuu hazimo katika orodha yao.

Njia ya hiari husimama juu ya Warumi 14:5: "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa. Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Halafu huonyesha 1 Wakorintho 5:7-8, ambako Paulo, akiliandikia kanisa lenye watu wengi wa mataifa, anasema Kristo ni Pasaka wetu, "basi na tuifanye karamu." Je, karamu hiyo ni ya mezani au ni mfano wa maisha masafi? Wafasiri hawajaafikiana. Linaloonekana wazi ni kwamba Paulo alitegemea Wakorintho waelewe habari ya kuondoa chachu. Mtu asiyejua Pasaka haelewi sentensi ile.

Tukiwaweka hawa watatu meza moja, naona kila mmoja ana mstari unaomsumbua. Wa njia ya kanisa husumbuliwa na Zekaria. Wa hiari husumbuliwa na neno "milele". Lakini anayesumbuliwa zaidi ni wa njia ya amri, na kinachomsumbua kinatoka kwenye Torati yenyewe kabla hata Paulo hajafungua kinywa.

Kumbukumbu la Torati 16:16 inaagiza wanaume wote waende mara tatu kwa mwaka mahali atakapopachagua Bwana. Hesabu 28 na 29 zinapanga sadaka za kila sikukuu, mnyama kwa mnyama. Hekalu liliteketezwa na Warumi mwaka 70, na tangu hapo hakuna mtu duniani, Myahudi wala Mkristo, aliyeshika sikukuu hizi kama zilivyoandikwa. Kila anayezishika leo amebadilisha kitu: amehamisha mahali, ameacha sadaka, ameweka sala au wimbo pengo lilipo. Sisemi ni vibaya. Marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, walifanya hivyo kwa hekima kubwa baada ya mwaka 70, na ndiyo sababu sikukuu zimeishi. Ila ukishakubali kwamba unazishika kwa namna iliyobadilishwa, ni vigumu kumgeukia jirani yako na kumwambia kwamba yeye ndiye anayevunja amri.

Kisha liko suala la tohara. Kutoka 12:48 inasema wazi kwamba mgeni anayetaka kula Pasaka atahiriwe kwanza, na asiyetahiriwa asile. Paulo naye anawaambia Wagalatia kwamba anayetahiriwa kwa nia ya kuingia chini ya sheria ana wajibu wa kuishika sheria yote (5:3). Kwa hiyo anayetangaza kwamba Pasaka ya Kutoka 12 ni amri kwa Mkristo wa mataifa ameanza safari ambayo hawezi kushukia njiani.

Historia: nani aliziacha, na kwa nini

Hapa njia ya kanisa ndiyo inayopaswa kuinamisha kichwa kidogo.

Kanisa halikuamka siku moja na kuziacha. Karne ya 2 makanisa ya Asia Ndogo yalikuwa bado yanaadhimisha Pasaka tarehe 14 Nisani, mwezi wa kwanza wa Kiebrania, iangukie siku yoyote ya juma, yakisema yamepokea desturi hiyo kwa mtume Yohana. Roma iliadhimisha Jumapili. Polikarpo, askofu wa Smirna huko Asia Ndogo, alikwenda Roma karibu mwaka 155 akazungumza na Aniseto, askofu wa Roma. Hawakukubaliana, wakashiriki meza ya Bwana pamoja, wakaagana kwa amani. Kizazi kimoja baadaye, karibu mwaka 190, askofu Viktor wa Roma alitaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa jambo hilohilo, na Ireneo wa Lyon akamwandikia kumtuliza, akimkumbusha mfano wa Polikarpo. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ulifunga mjadala: Pasaka ni Jumapili kwa wote.

Kama ingekuwa kutafuta umoja wa tarehe tu, isingekuwa neno. Lakini barua ya Kaisari Konstantino baada ya Nikea inataka Wakristo wasiwe na lolote la pamoja na Wayahudi, kwa maneno ya chuki. Mtaguso wa Laodikia, katika karne hiyohiyo ya 4, ulikataza Wakristo kupumzika siku ya Sabato na kupokea mikate isiyotiwa chachu kutoka kwa Wayahudi. Na Antiokia, miaka ya 386 na 387, Yohane Krisostomo alihubiri kwa ukali mno dhidi ya waumini wake waliokuwa wakihudhuria sikukuu za Baragumu na Vibanda katika masinagogi. Mahubiri yale yanatuonyesha kwamba miaka zaidi ya 300 baada ya Pentekoste Wakristo wa kawaida walikuwa bado wakivutwa na sikukuu hizi. Yanatuonyesha pia kwamba sehemu ya nguvu iliyotumika kuziondoa haikutoka kwenye Wakolosai 2. Ilitoka mahali pabaya.

Mtu wa njia ya amri hupenda kwenda mbele zaidi na kudai kwamba sikukuu za kanisa ni za kipagani tupu, na ushahidi wake mkubwa ni jina: eti Pasaka ya kanisa imepewa jina la mungu mke. Dai hili limetafsiriwa kutoka Kiingereza, na katika tafsiri limepoteza miguu. Linategemea neno *Easter*, jina la Kiingereza la sikukuu hiyo. Kiswahili, kama lugha nyingi za Wakristo, kinasema Pasaka, neno lililotoka *Pesakh* ya Kiebrania kupitia Kigiriki. Anayesema Kiswahili hawezi hata kuitaja sikukuu ya ufufuko bila kumtaja mwana-kondoo wa Misri. Ukitaka kuiacha kalenda ya kanisa, tafuta sababu nyingine.

Kwa upande mwingine, historia ya karibuni ina onyo kwa njia ya amri. Kanisa lililojulikana kama Worldwide Church of God, lililoanzishwa na Herbert W. Armstrong huko Marekani, lilifundisha kwa miongo mingi kwamba sikukuu za Walawi 23 ni lazima kwa kila Mkristo. Armstrong alifariki mwaka 1986. Desemba 1994 mrithi wake, Joseph Tkach, alitangaza kwamba sheria za Agano la Kale haziwafungi tena waumini. Kanisa lilipasuka, maelfu waliondoka, na mwaka 1995 baadhi yao wakaunda United Church of God, ambalo linaendelea kuzishika. Wapo waliobaki wakijiona wamefunguliwa na wapo waliojiona wameporwa. Kitu kikifanywa kipimo cha wokovu, kukibadilisha ni kuvunja nyumba za watu.

Waadventista wa Sabato, ambao wengi hudhani wako njia ya amri, wamechora mstari wao mahali pengine: wanaishika Sabato ya juma kama sehemu ya Amri Kumi, lakini kwa mafundisho yao sikukuu za mwaka ni sheria za ibada zilizotimia msalabani. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, ila wameliona swali ambalo wapenzi wengi wa sikukuu hulikwepa: orodha ya Walawi 23 inaanza na Sabato. Nimekutana na watu wanaopiga baragumu mara moja kwa mwaka kwa shangwe na Sabato hamsini na mbili hawazikumbuki. Kama ni amri, ianzie juu ya orodha.

Tarehe

Kwa njia ya kanisa hili si tatizo, unanunua kalenda. Kwa njia ya hiari ni usumbufu mdogo. Kwa njia ya amri ni tatizo kubwa kuliko wengi wanavyotegemea wakati wa kuanza.

Kalenda ya Kiebrania inafuata mwezi, lakini huongezewa mwezi wa 13 katika miaka 7 ya kila mzunguko wa miaka 19 ili Pasaka isihame majira. Mwaka 2024 ulikuwa mmoja wa miaka hiyo: makanisa ya Magharibi yaliadhimisha Pasaka 31 Machi, Wayahudi waliketi mezani jioni ya 22 Aprili, na Waorthodoksi wakasherehekea 5 Mei. Hiyo ni kalenda ya hesabu. Wakaraimu, Wayahudi wasiofuata mapokeo ya marabi, huamua kwa kuandama kwa mwezi na kukomaa kwa shayiri katika nchi ya Israeli, na baadhi ya Wakristo wa njia ya amri wamewafuata. Matokeo yake ni kwamba familia mbili zinazoamini amri moja zinaweza kuishika siku mbili tofauti, na mwaka mwingine zikapishana mwezi mzima.

Hata siku 50 za Pentekoste zina ugomvi. Walawi 23 inasema kuhesabu kuanze baada ya Sabato. Sabato ipi? Mafarisayo walisema ni siku ya kwanza ya Mikate Isiyotiwa Chachu, kwa hiyo hesabu inaanza 16 Nisani. Masadukayo walisema ni Sabato ya juma, kwa hiyo Pentekoste ni Jumapili daima. Ugomvi huu ni mkongwe kuliko Ukristo. Ukichagua njia ya amri jiandae kuchagua upande, na jiandae kuona marafiki wakiachana kwa ajili yake. Ukichagua hiari unaweza kuchukua kalenda inayotumiwa na Wayahudi wengi na kulala usingizi wako.

Sikukuu yenyewe kwa yenyewe

Sasa tuzitazame zikiwa karibu na kile ambacho kanisa tayari linacho, maana hapa ndipo uchaguzi wa kweli unapofanyika.

Malimbuko na Pentekoste hazihitaji maneno mengi. Paulo anamwita Kristo aliyefufuka "limbuko", na Jumapili ya ufufuko inabeba maana hiyo tayari. Pentekoste kanisa inayo. Unachoweza kuongeza ni kuhesabu. Kalenda ya kanisa nayo ina siku 50 kutoka Pasaka hadi Pentekoste, ila ni wachache wanaozihesabu, na Pentekoste huwafikia wengi kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kuhesabu siku kila jioni hakugharimu chochote, na watoto hulipenda.

Mikate Isiyotiwa Chachu ni zoezi zuri la siku saba, la mikono kuliko la maneno. Mwaka wangu wa kwanza nilijiona nimemaliza kuondoa chachu nyumbani, nikaketi, nikasoma 1 Wakorintho 5 kwa sauti nzito mbele ya familia, na siku ya nne nikaikuta pakiti ya hamira nyuma ya debe la unga. Hakuna mahubiri juu ya dhambi iliyofichika yaliyowahi kunifikia kama pakiti ile.

Baragumu ina kidogo sana katika maandiko: siku ya kwanza ya mwezi wa saba, mapumziko, sauti ya baragumu, kusanyiko. Kwa kuwa Agano Jipya linataja baragumu ya mwisho, wengi huiunganisha na kurudi kwa Kristo, na hapo huzaliwa balaa la kutabiri tarehe. Mwaka 1988 kijitabu kilichosambaa sana Marekani kilidai Unyakuo ungetokea kati ya 11 na 13 Septemba, siku za Baragumu. Septemba ikapita. Kama kinachokuvuta ni tumaini la kurudi kwa Bwana, Majilio, majuma ya kungoja kabla ya Krismasi, inalo tumaini hilo na haina historia hiyo.

Siku ya Upatanisho ndiyo inayohitaji tahadhari ya kimafundisho. Waebrania 9 na 10 zinajenga hoja nzima kwamba Kristo aliingia mara moja, kwa damu yake mwenyewe, na hakuna haja ya kurudia kila mwaka. Mkristo anayefunga siku hiyo ili asamehewe ameirudisha nyuma barua ile. Anayefunga kwa toba na shukrani, akisoma Walawi 16 na Waebrania 9 siku moja, atamwelewa Kuhani Mkuu kuliko kwa semina yoyote. Hata hivyo, aliye katika kanisa linaloshika Kwaresima na Jumatano ya Majivu hana pengo kubwa la kuziba hapa.

Pasaka. Wengi huanza nayo kwa kuwa uhusiano wake na Kristo ni dhahiri mno, na huanza kwa kuiga mlo wa Kiyahudi wenye vikombe vinne na maswali ya watoto. Mimi ningewashauri waiache mwisho. Sababu ya kwanza ni ile ya tohara. Sababu ya pili ni kwamba mlo huo, kwa sura tunayoijua, ulipangwa na marabi baada ya hekalu kuanguka. Vikombe vinne vimo katika Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi wa karibu mwaka 200, na kikombe cha Eliya ni cha baadaye zaidi. Kudai kwamba ndivyo Yesu alivyokula usiku ule, kikombe kwa kikombe, ni kuvuka ushahidi. Na kuuchukua mlo ambao Wayahudi waliulinda katika karne za mateso, mengi yakiwa mikononi mwa Wakristo na hasa majira ya Pasaka, kisha kuupa maana nyingine bila hata kuwauliza, kuna ukosefu wa adabu. Ukialikwa na familia ya Kiyahudi, nenda, keti, sikiliza. Sababu ya tatu ndiyo kubwa: Kristo mwenyewe alishatoa namna ya Mkristo kuikumbuka Pasaka, kwa mkate na kikombe. Meza ya Bwana si nusu ya kitu kinachosubiri kukamilishwa.

Vibanda ni habari nyingine kabisa. Krismasi haina dada katika Walawi, na Vibanda haina dada katika kalenda ya kanisa. Ibada ya mavuno inaigusa kwa ncha ya kidole tu. Siku saba za kukaa chini ya paa la matawi kukumbuka jangwa, na kisha siku ya nane ya kusanyiko: hakuna kitu kama hiki popote katika mwaka wa Kikristo, na ndiyo sikukuu ambayo Torati inasisitiza kuliko zote kwamba mtu afurahi.

Tazama pia ni nani anayealikwa. Walawi 23:42 inawaagiza wazaliwa wa Israeli kukaa vibandani, haimlazimishi mgeni. Lakini Kumbukumbu la Torati 16:14 inapohesabu watakaofurahi inataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mgeni yumo, na hakuna neno la tohara. Ongeza hesabu ya Hesabu 29: ng'ombe dume 13 siku ya kwanza, 12 ya pili, wakipungua hadi 7 siku ya saba. Jumla ni 70, na marabi walisema ni kwa ajili ya mataifa 70 ya dunia. Kisha Zekaria anayaona mataifa yakipanda kwa ajili ya sikukuu hii hasa, si nyingine. Kwa Mkristo wa mataifa anayeuliza mlango wake uko wapi katika kalenda ya Walawi, mimi naona umeandikwa jina, na umeandikwa kwa lugha ya mwaliko.

Na inafungua Injili. Wakati wa hekalu, siku za Vibanda maji yalichotwa katika bwawa la Siloamu na kumiminwa madhabahuni, na usiku taa kubwa ziliangaza ua wa hekalu. Soma sasa Yohana 7:37, "Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe," halafu 8:12, "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu."

Basi uchague ipi?

Kama dhamiri yako inakuambia kwamba ni amri, shika, lakini anza na Sabato, na usimhukumu asiyeshika. Wakolosai 2:16 inakata pande zote mbili. Kaa pia karibu na watu wanaoweza kukuambia umezidisha. Dalili ya kuzidisha ni rahisi kuiona: unaanza kuhesabu nani ni Mkristo halisi kwa kutazama kalenda yake.

Kama uko katika kanisa linaloshika vyema mwaka wake, lenye Majilio, Kwaresima, juma kuu na siku 50 za Pasaka, na moyo wako unalishwa humo, huna deni. Isome Walawi 23 kila mwaka ili usiwe mgeni katika Biblia yako mwenyewe.

Njia ya hiari inamfaa zaidi yule ambaye kanisa lake lina Krismasi na Pasaka tu, na katikati kuna ukimya mrefu. Au mzazi anayetafuta imani ambayo watoto wataishika kwa mikono. Zungumza na mchungaji wako kabla ya kununua baragumu. Mwenzi wako asipokubali, usigeuze nyumba kuwa baraza la mtaguso. Chukua moja kwa mwaka. Purimu na Hanuka, sikukuu nyingine za Kiyahudi, hazimo katika Walawi 23, zisikuchanganye mwanzoni.

Na ukianza na Vibanda, ni hivi: siku ya 15 ya mwezi wa saba wa Kiebrania, ambayo huangukia Septemba au Oktoba, simamisha kibanda nje, penye uwazi juu yake. Nehemia 8 inataja juu ya dari za nyumba na ndani ya nyua, kwa hiyo nafasi ndogo si kisingizio. Paa liwe la matawi, kivuli kizidi jua, lakini nyota zionekane usiku. Kuleni humo. Alikeni mtu asiye na familia, kwa kuwa yatima na mjane wametajwa kwa jina. Someni Yohana 7. Mvua ikianza, msiwe mashujaa: Mishna ililiuliza swali hilo zamani, mtu aruhusiwe kuingia ndani kuanzia lini, na jibu lake ni kwamba ni pale uji unapoanza kuharibika.